Shingo ya Seremala

Bibi mmoja alikuwa fundi wa vielelezo: alifinyanga viungo vya mwili kwa plasta ili wanafunzi wa uuguzi wajifunzie. Safari hii chuo kilimwagiza upande wa shingo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kwao. Ikiharibika, ya pili asingeiona. Mumewe, seremala, aliazima shingo yake ipakwe plasta, akakaa kimya nusu saa nzima, jambo lisilowahi kutokea nyumbani mule.

Kazi ilitoka safi. Msuli mnene unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kifuani ulibanduka kama kifuniko, na chini yake mishipa miwili ililala sambamba: mwekundu upelekao damu kichwani na wa buluu uirudishao moyoni.

Mwalimu wa wauguzi akaja, akaigeuza mara mbili.

"Mama, hii imebaki kusema tu!"

"Ikianza haitanyamaza. Si unaona nimeitoa kwa nani?"

Mwalimu akacheka, akaenda kuleta boksi garini.

Bibi akamgeukia mumewe kumwekea sawa kola. Vidole vikagusa shingo karibu na koromeo, mshipa ukadunda. Akavisogeza nje kidogo: kimya. Akatazama meza. Mwekundu wake ulikuwa nje, wa buluu ndani, upande wa koromeo. Kitabu kilisema kinyume, ila yeye alizipanga rangi zilivyompendeza.

"Baba, nimekosea. Mtoto wa watu atatafuta mapigo pasipo na mapigo."

"Mwalimu mwenyewe hajaona. Nani atajua?"

"Mimi. Na sasa wewe."



Mwalimu aliporudi, bibi hakumzungusha. "Tua boksi, mwalimu. Mishipa nimeipishanisha."

Mwalimu akainama, akajishika shingo, akaona haya. "Na mimi nasifu tu! Darasa ni keshokutwa, mama."

"Kesho jioni utaipata."

Kupaka rangi upya kusingetosha, maana mshipa wa buluu ni mpana kuliko mwenzake. Bibi akachukua patasi, akaanza kuibandua yote miwili, huku akiimba kwa pua. Sifa isiyo haki ni mzigo, naye alikwisha kuutua.

"Hiyo patasi yangu ya mbao!" seremala akalalamika.

"Na shingo ni ya nani?"

Mzee akaguna. Kisha akafungua kifungo cha kola, akavuta kiti karibu na meza.

"Haya, shika. Ila usinitekenye."