Mama Mkwe Kwenye Kompyuta ya Maktaba

Nikikutana na mtu wa Kitui wa rika langu akaniangalia mara mbili, kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule Musyoka wa maktaba, huwa namwambia hapana, huyo ni ndugu yangu, tunafanana tu. Ndugu mwenyewe sina, nimezaliwa pamoja na dada watatu. Lakini kuna aibu zingine mtu akizipata ni afadhali ajizulie ndugu wa kumbebea, na leo kwa sababu mmenisumbua sana na chai yenu ni tamu nitaisema mara moja, halafu msinirudishe tena huko.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha, maktaba yetu ya mjini ikaletewa kompyuta yenye intaneti. Moja. Ilipitia kwenye laini ya simu, na kabla ya kukubali ilikuwa inalia kama paka aliyebanwa na mlango, mpaka watu walikuwa wanatoka sokoni kuja kusikiliza kile kilio tu, kisha wanarudi kuuza maembe yao. Pamoja na kompyuta ilikuja barua kutoka Nairobi, na hiyo barua ndiyo iliyotutia baridi, kwa sababu ilisema mtu yeyote akiitumia mashine hiyo kutapeli watu, au kuingilia barua za mwenzake, au kuvunja sheria kwa namna yoyote ile, maktaba ndiyo itakayoulizwa. Bi Mumbua, mkutubi wetu mkuu (mama mpole aliyeogopa hata mashine ya kutoboa karatasi), alituita wafanyakazi wote wanne, akaisoma barua mara mbili, akavua miwani, akauliza, "Sasa hii kitu itasimamiwa na nani?"

Mkono wangu ukainuka. Naulaumu mkono kwa sababu kichwa kilikuwa bado kinafikiria, ila mjue pia kwamba nilikuwa kibarua pale kwa miaka mitatu, kila mwisho wa mwezi sijui kama nitarudi, na nilikuwa nimemwoa Ndinda juzi juzi, na watu wa kwao walishaanza kuuliza kwa upole hiyo ni kazi gani isiyo na barua ya kuajiriwa. Nilitaka kuandikwa kazi ya kudumu kuliko nilivyotaka chakula. Bi Mumbua akasema vizuri sana, Musyoka, ofisa kutoka Nairobi atakuja kuona unavyosimamia, na akiridhika ataandika jina lako.

Basi mkinipa nafasi ya kuonekana, mimi huwa sijui kupunguza. Nilinunua karatasi ya manila na kalamu nyekundu, nikaandika sheria saba na kuzibandika ukutani, na ile ya saba ilisema hivi: "Mhudumu atasimama nyuma ya mtumiaji na kuangalia kioo. Akiona kosa atalizuia papo hapo. Asipolizuia, kosa ni lake." Yale maneno ya mwisho hakuna aliyeniomba niyaandike, niliyaongeza mwenyewe kwa sababu yalipendeza.

Kwa miezi miwili nilikuwa mateso kwa watu. Nilimfukuza mwalimu mzima wa sekondari, kijana wa kanisani, kwa kuangalia picha za watu waliovaa nusu uchi, kumbe zilikuwa picha za mashindano ya kuogelea. Nilimsomea sheria zote saba mzee aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Na kwa sababu kila mtu alikuwa anasahau neno lake la siri la kufungulia barua pepe, kisha ananigeukia mimi kana kwamba nimelificha, nikaamua kuwasaidia. Nilichukua daftari la kurasa tisini na sita, nikaandika jina la kila mtu na neno lake la siri kwa mwandiko wangu mzuri, nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ya kompyuta lisiibiwe. Juu ya jalada nikaandika kwa herufi kubwa: MANENO YA SIRI. (Chekeni, chekeni. Bi Mumbua alinisifu.)

Sasa hamwezi kuelewa yaliyofuata kama hamjui nthoni, ile haya ya Wakamba kati ya mtu na mama mkwe wake. Siku hizi naona vijana wanakumbatiana na mama wakwe zao hata kwenye harusi, wanapigwa picha. Wakati wangu ukimwona mkwe anakuja njiani unaingia kichakani kama una dharura, humwiti jina, humwangalii machoni, na kumgusa usiseme. Wa kwangu alikuwa mwalimu mstaafu, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa la watoto sitini, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kusuka vyondo, vile vikapu vyetu vya mkonge. Kile kikundi kilikuwa kimegawanyika, nusu ikabaki naye na nusu ikamfuata Mama Mwende, na ile nusu ya Mama Mwende ndiyo iliyobahatika kupata mnunuzi Uholanzi aliyekuwa anaagiza vyondo kwa barua pepe. Hayo niliyajua kwa sababu Ndinda alikuwa ananisimulia, na alisema mama yake tangu apate habari hizo halali vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Ofisa wa Nairobi alikuwa anatarajiwa saa nane, Bi Mumbua alikuwa ameenda stendi kumpokea, na mimi nilikuwa nimevaa tai ya kuazima. Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na Abdi, mwenye duka la nguo aliyekuja kusoma gazeti akingoja zamu yake ya kompyuta ya saa tisa. Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe, mkononi ana risiti ya nusu saa aliyoilipia asubuhi kwa mwenzangu.

Ningeweza kumwita mwenzangu aliyekuwa stoo ashike zamu. Ningeweza hata kutoka nje nikajifanya nafagia. Lakini miguu iliamua haraka, ikanipeleka nyuma ya rafu ya magazeti ya zamani, nikajiambia ni dakika tano tu, ataangalia anachoangalia, ataenda. Yeye aliweka kiondo chini, akakaa kwenye kiti, akaanza kubonyeza kama mtu aliyepiga taipu miaka ishirini, na nikamsifu kimoyomoyo.

Kisha nikamwona, kupitia nafasi kati ya magazeti, akiliangalia daftari langu. Akalivuta kwa kamba. Akalamba kidole, akafungua ukurasa, akafungua mwingine, akasimama kwenye herufi M, na mgongo wake ukanyooka.

Jamani, nilijua. Nilijua kama ninavyowajua nyinyi. Alikuwa anafungua barua za Mama Mwende, na sheria ya saba ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake kwa wino mwekundu. Kumzuia nilitakiwa nitoke, nisimame nyuma yake, nichungulie juu ya bega lake, nimwambie mama aliyenizalia mke kwamba anaiba. Moyo ulikuwa unapiga mpaka tai inatikisika. Nikakohoa.

"Shh," akasema bila kugeuka. "Hii ni maktaba."

Nikampigia Abdi ishara. Alikuja na gazeti lake mkononi, akainama, akanikuta nimechuchumaa.

"Abdi ndugu yangu," nikamnong'oneza, "mwambie yule mama asifungue barua zisizo zake."

"Si muko chumba moja? Mwambie wewe."

"Ni mkwe."

Abdi aliniangalia kwa huruma ya kweli. Akaenda hatua tatu, akasimama katikati ya chumba, akatangaza kwa sauti ya kuuza nguo: "Mama, habari ya mchana. Huyu kijana ako nyuma ya magazeti anasema usifungue barua ya wenyewe."

 Vidole vikasimama, halafu vikaendelea.

"Mwambie aliye nyuma ya magazeti," mama mkwe akasema, akiwa ameuelekea ukuta, "nimelipia nusu saa, na nusu saa haijaisha."

Abdi akageuka. "Anasema nusu saa haijaisha."

"Nimesikia. Mwambie ni kosa la sheria."

"Anasema ni kosa ya sheria."

"Mwambie kosa ni kuchukua wanawake niliowafundisha kusuka mimi, kwa mikono yangu, halafu kuwauzia wazungu vyondo vyao bila kuniambia. Hiyo sheria iko namba ngapi?"

"Mimi sasa nimechoka," akasema Abdi. "Nyinyi ni familia moja."

Nilisogea mbele nione kioo angalau nijue amefika wapi, nikaona ameshaandika Kiingereza kizuri cha mwalimu, kwamba kikundi cha Mama Mwende kimeacha kusuka na mnunuzi aelekeze maagizo yake kwa kikundi kingine, na jina la kikundi kingine mnaweza kulikisia. Nikasogea tena kidogo. Wakati huo huo mlango ukafunguka, akaingia Bi Mumbua, nyuma yake ofisa wa Nairobi na mkoba wake, na nyuma ya ofisa, kwa mipango ya shetani mwenyewe, Mama Mwende aliyekuja kusoma barua zake kwa sababu zamu yake ilikuwa saa nane. Nikashtuka, nikashika rafu. Rafu ikakubali kushikwa, ila haikukubali kusimama.

Tulianguka pamoja, mimi na magazeti ya miaka saba. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kifudifudi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imekumbatia vifundo vya miguu ya mama mkwe.

Alipiga yowe moja ambalo lilisikika sokoni, najua kwa sababu soko lilikuja. Madirisha yakajaa vichwa.

"Mhudumu wa kompyuta ni nani?" ofisa akauliza.

Nikainua mkono kutoka chini. Ule ule mkono.

Mama Mwende hakuwa na haja nami, alikuwa ameshafika kwenye kioo na anasoma kwa sauti, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa linapita dirishani kwa watu wa nje ambao walikuwa wanalitafsiri kwa Kikamba wakilipitisha nyuma. Bahati ilikuwa barua haijatumwa. Mama mkwe alikaa pale pale na mikono mapajani. 

"Ulimwona akiandika hii?" ofisa akaniuliza.

"Nilimwona."

"Ukamzuia?"

"Nilikohoa, bwana."

Watu wa dirishani wakaangua kicheko. Ofisa hakucheka. Alisoma sheria ya saba kimya, kisha akaona daftari mezani, akasoma jalada, akafungua, akafunga. "Hii nayo imeandikwa na nani?"

Bi Mumbua akaja karibu yangu, akanong'ona kwamba nikisema yule mama aliiba daftari kutoka kwenye kabati mambo yataishia kwake na polisi, na jina langu bado linaweza kuandikwa. Alikuwa ananipenda, maskini. Nikamwangalia mama mkwe, kwa mara ya kwanza nikamwangalia usoni, na machozi yalikuwa yanamlengalenga mama yule aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa dirishani.

"Daftari ni langu," nikasema. "Nililifunga hapo kwa kamba kila mtu aone. Nikamwona anafungua, nikajificha. Kosa ni langu."

Ofisa akanigeukia. "Maktaba ndiyo itawajibika, bwana," akasema, "na maktaba si karatasi ya ukutani. Ni mtu anayesimama hapa." Akachukua daftari, akamwambia kila aliye na neno la siri humo alibadilishe siku hiyo hiyo, akamwomba Mama Mwende msamaha kwa niaba yetu sote, akaondoka na mkoba wake, na jina langu halikuandikwa popote. Nilikaa kibarua mwaka mwingine mzima, kazi yangu ikiwa ni kupanguza vumbi kwenye vitabu, mbali na kompyuta.

Wazee wakasema kumshika mkwe miguu mbele ya watu hakuwezi kupita hivi hivi, lazima nipeleke mbuzi. Nikapeleka beberu mweupe, mzuri, nilimnunua kwa shida. Nikakaa nje chini ya mti wa mwarobaini na baba mkwe, mama yuko jikoni kama desturi inavyotaka. Mara namwona beberu wangu anatolewa kwa mlango wa nyuma akiongozwa na mama mwingine wa kikundi, nikauliza anapelekwa wapi, baba mkwe akasafisha koo na kusema anapelekwa kwa Mama Mwende. Kumbe mkwe naye alikuwa ametozwa mbuzi, na mbuzi mzuri alikuwa ameshafika.

Nilikuwa nimeanza kucheka wakati Ndinda alipotoka jikoni na ujumbe. Alisimama mbele yangu, na alikuwa hacheki.

"Mama anasema nikuambie hivi: siku ile ungetoka nyuma ya yale magazeti ukaniambia, ningeona haya mbele yako peke yako. Ukaniheshimu mpaka nikaona haya mbele ya Kitui nzima."

 Nimeshafanya kazi nyingi tangu siku hizo, nimesimamia watu na mali, na nimeapa sitaandika tena sheria yoyote kabla sijajiuliza kama nitaweza kumwambia mama mkwe kwamba ameivunja. Wageni huwa hawanipi shida.