Mti wa Alumini wa Dada Ardis

Dada yangu Ardis hajawahi kuwa na kipaji cha kupamba. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mji wetu wamezoea kumsifu, na mimi nimechoka kuwasikia. Alichokuwa nacho ni ubishi. Mwaka 1963 alipoolewa na Gordy Tollefson na kuhamia ile nyumba ya njano karibu na tangi la maji, alipamba sebule kwa ajili ya Krismasi kwa vitu vilivyokuwa vinapendwa wakati ule, na tangu siku hiyo hakubadilisha hata kimoja. Mitindo ilikuja ikapita. Wenzake walitupa, wakanunua vipya, wakatupa tena. Ardis aliongeza tu. Baadaye vijana wakaanza kuvisaka vitu vya aina ile minadani, wakamwona Ardis mjuzi, kumbe mwenyewe hakuwa amesogea hata hatua moja.

Kulikuwa na vibwengo, wale wasaidizi wadogo wa Baba Krismasi, waliotengenezwa kwa matunda ya msonobari, vichwa vyao shanga za mbao, shingoni skafu nyekundu. Kulikuwa na kengele zilizokatwa kutoka trei za mayai na kupakwa rangi ya dhahabu. Kulikuwa na mipira myepesi iliyochomekwa pini mia tatu kila mmoja, kila pini na ushanga wake, kazi ya kupofusha macho. Usione vyaelea, vimeundwa. Chooni alikaa mwanasesere mwenye gauni pana la kroshia, na chini ya gauni aliweka karatasi ya akiba. Nje alisimama Baba Krismasi wa plastiki mwenye balbu tumboni, pua yake imefifia rangi mpaka anafanana na mtu aliyetoka kulazwa hospitali. Mimi nilimchukia yule Baba Krismasi. Gordy alimpenda, alikuwa anamsalimia akienda kuchukua gazeti.

Gordy alifariki Septemba. Alikuwa anakata nyasi, akaanguka, na mashine ikaendelea peke yake mpaka kwenye uzio wa jirani. Ardis alitoka akaizima mashine kwanza, ndipo akamwendea mumewe. Watu walimsema kwa hilo. Mimi sikumsema, maana ningefanya vilevile.

Hakulia. Mazishini alipeana mikono na watu mia mbili akiwauliza kama wamekula. Nikangoja alie baada ya mazishi, nikangoja Oktoba nzima. Alikuwa anaamka, anaoga, anakunywa kahawa, anajibu akiulizwa. Ukimwambia theluji imeanguka anasema ndiyo. Ukimwambia haijaanguka anasema ndiyo vilevile. Siku moja nilimwambia nimeuza nyumba yangu, nahamia Alaska na mwanamume mwenye mbwa kumi na wawili.

"Vaa vizuri," alisema.

"Dada, hivi unajisikiaje?"

"Sisikii kitu."

"Una maana huna maumivu?"

"Sisikii kitu, LaVonne. Unataka kahawa nyingine?"

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Coreen, daktari wa meno kule Denver, safari ya siku mbili kwa gari kutoka kwetu hapa Wisconsin. Mwanzoni mwa Novemba Coreen alinipigia simu mimi badala ya mama yake.

"Mama mdogo, niambie ukweli. Mama yukoje?"

"Yuko vizuri," nilisema. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

"Nikimpigia ni ndiyo, ndiyo. Kama naongea na ukuta."

"Mama yako simu hajaipenda tangu zamani."

"Sawa, sikiliza. Nakuja Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nikikuta amepamba, watu wamekuja, mambo ni kama miaka yote, nitaamini anajimudu, na atabaki kwake. Nisipokuta hivyo, naondoka naye. Nimeshampatia chumba kwenye nyumba ya wazee huku, dakika tano kutoka kwangu."

Nina miaka sabini na mmoja. Sina mume, sina mtoto, na nyumba yangu iko mitaa miwili kutoka kwa Ardis. Tangu nistaafu kazi ya posta, miaka kumi sasa, kahawa yangu ya asubuhi nainywea jikoni kwake. Kwa hiyo nasema wazi kwamba sikuipigania nyumba ile kwa ajili yake peke yake. Nilipoweka simu chini nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Jumapili hiyo ya Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, ibada ikiisha, nusu ya usharika wetu wa Kilutheri huhamia sebuleni kwa Ardis kuangalia mapambo na kula vya watu. Hakuna anayealikwa. Wanakuja tu, kama ng'ombe wanaojua njia ya zizi. Ardis hupamba wiki ile ya mwisho tu, kwa hiyo tulikuwa na wiki moja.

Jumatatu nilishusha maboksi darini. Jumanne nilitandaza picha mezani, kwa sababu Gordy alipiga picha ya sebule kila mwaka akiwa amesimama palepale, mlangoni mwa jikoni. Tulichukua ya mwaka jana tukafuata. Kibwengo wa tatu kutoka kushoto anaegemea saa. Kengele ya mwisho inaning'inia chini kuliko nyingine. Ardis alifanya kila nilichomwambia. Mikono yake ilifanya kazi vizuri, yenyewe tu, na uso wake ulikuwa mahali pengine, au niseme hapakuwa na mahali popote ulipokuwa.

"Kibwengo huyu unamkumbuka? Ulimtengeneza wakati Coreen ana surua."

"Ndiyo."

"Au ilikuwa mwaka wa mafuriko?"

"Ndiyo."

"Ardis, sema hapana hata mara moja, nikuone."

Alinitazama akifikiri. "Sina haja na neno hilo," alisema.

Jumatano alikuwa anarudisha pini zilizochomoka kwenye mpira mmoja. Niliinua macho nikaona shanga nyeupe zimekuwa za rangi ya waridi.

"Dada, unatoka damu."

Akakiangalia kidole. "Kweli," akasema, akachomeka pini nyingine.

Nilimfunga plasta. Ningepaswa kuelewa siku ile ile, lakini nilikuwa nimetingwa na kengele za trei, na pia sikutaka kuelewa.

Jumamosi ulibaki mti. Mti wa Ardis ni wa alumini, matawi tisini na mbili ya fedha, kila tawi linalala kwenye mfuko wake wa karatasi. Mti wa aina hii hauwekwi taa. Kwetu jambo hilo mtoto alifundishwa kabla hajafundishwa Baba Yetu, maana waya ukichubuka, mti mzima unakuwa umeme. Humulikwa kutoka sakafuni, kwa taa yenye gurudumu la rangi nne linalozunguka mbele yake, na mti unakuwa mwekundu, wa bluu, wa kijani, wa manjano. Gurudumu lilikuwa kazi ya Gordy. Alilitia mafuta, akalifunga ndani ya shati lake kuukuu mpaka mwaka mwingine.

Nililitoa bado limo ndani ya shati. Ardis alilitazama lile shati kama unavyotazama tambara la deki.

"Nenda kapike lefse zako," aliniambia. "Gurudumu nitaliweka mwenyewe. Wewe hujui linavyokaa."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwa mpigo tangu Septemba, tena yenye dharau kidogo ndani yake. Nilirudi kwangu nimefurahi kama mjinga, nikasukuma chapati za viazi hadi mabega yakauma.

Kesho yake saa tano na nusu tulitoka kanisani kwa miguu. Ardis hakuja ibadani. Kila mwaka siku hiyo hubaki nyumbani kuchemsha kahawa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nyumba ilijaa. Makoti yalirundikwa kitandani chumbani kwake, viatu vya theluji vikapangwa mlangoni, na watu wakaanza kuwaonyesha wenzao vitu ambavyo wote wameviona mara arobaini. Orville Stang, yule jirani ambaye mashine ya nyasi ilimvamia uzio, alinifuata mezani.

"LaVonne, lefse zako mwaka huu zimekonda."

"Zimeiga bajeti yako ya sabuni."

"Nitakula hivyo hivyo, kwa heshima ya marehemu."

"Marehemu alikuwa anakula mbili. Hiyo ya tano ni kwa heshima ya nani?"

Coreen alifika saa sita kutoka uwanja wa ndege. Alisimama mlangoni na begi mkononi, akaangalia vibwengo, akaangalia kengele, akamwona mama yake akipita na birika akiwauliza watu kama wanataka maziwa. Akanivuta jikoni, akanikumbatia, akalia begani kwangu. Ana miaka hamsini na miwili na analia kama alivyokuwa analia zamani, kwa kwikwi.

"Ahsante, mama mdogo. Nilikuwa naogopa kufungua mlango. Kile chumba nitapiga simu kesho wakifute."

"Si nilikwambia," nilisema. Sijui ulikuwa uongo wa ngapi.

Nilirudi sebuleni nimejiona mshindi, na hapo ndipo nilipoutazama mti kwa mara ya kwanza siku ile. Ulikuwa unawaka. Gurudumu halikuwepo. Kamba ya taa kubwa za barazani, zile kuukuu zenye waya uliofungwa uzi, ilikuwa imezungushwa kwenye alumini kutoka juu hadi chini. Vijana waliona ni pambo zuri tu. Wazee walikuwa wanaangalia keki. Nilipita nyuma ya kochi, nikachomoa plagi ukutani, nikamshika Ardis kiwiko nikampeleka chumbani, nikafunga mlango.

"Umesahau?"

"Nini?"

"Taa, Ardis. Kwenye alumini."

"Sijasahau."

Alikaa juu ya makoti ya watu, mikono mapajani.

"Sasa ulikuwa unataka nini?"

"Gurudumu nililiwasha jana ulipoondoka. Likazunguka. Nililitazama saa nzima, LaVonne, rangi zote nne, na sikusikia kitu. Hata kumkumbuka sikumkumbuka. Nikawaza mama alivyokuwa anatutisha, kwamba ukiweka taa mti utakupiga shoti. Nikaenda barazani nikachukua taa."

"Ukaushika."

"Jana mara moja. Leo mara tatu." Alisema kama mtu anayetaja vijiko vya sukari. "Unatekenya mpaka hapa kwenye kiwiko. Ni kitu cha kwanza nilichokisikia tangu aondoke. Usimwambie Coreen."

Nilimsikia Coreen anacheka upande wa pili wa mlango, Orville alikuwa anamsimulia habari za uzio. Ili kila kitu kibaki kama nilivyokitaka, nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Nyumba ingebaki, kahawa ya asubuhi ingebaki. Mti ningeweza kuubeba mwenyewe hadi darini. Lakini mti ukiondoka kuna jiko la umeme, kuna mto ambao barafu yake bado nyembamba, na mimi nyumbani kwake sishindi, naondoka kila siku saa nne asubuhi. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wa dada yangu mwezi mzima nikijiita mtu mwema. Niliona aibu, na niliogopa sana.

Nikafungua mlango, nikamwita Coreen jikoni.

"Coreen, usiwaambie wakifute kile chumba."

Nilimweleza yote, nikianza na zile ndiyo, kisha kidole, kisha mti. Aliweka sinia chini taratibu. Sikuwa nimegundua kwamba Ardis amenifuata na amesimama nyuma yangu.

"Jumatano tunaondoka, mama," Coreen alisema.

Ardis hakumwangalia mwanawe. Aliniangalia mimi. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi kwenye nywele.

"Wewe," alisema. "Wewe umekuwa na wivu tangu siku niliyoolewa."

"Huenda."

"Huenda? Umekunywa kahawa yangu miaka kumi. Umekalia kiti cha mume wangu, hata hakijapoa. Halafu unaniuza mbele za watu ndani ya nyumba yangu." Sauti ilikuwa inapanda, na sebuleni watu walikuwa wameacha kula. "Kikulacho ki nguoni mwako. Na hizo lefse zako, Gordy alikuwa anazitia mfukoni anampelekea mbwa wa Orville. Kila mwaka! Toka. Toka nyumbani kwangu."

Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni na hakuyafuta, nadhani hakujua kama yapo. Coreen alinyoosha mkono amshike, nikamtikisia kichwa asithubutu, maana machozi hayo nilikuwa nimeyangoja tangu mazishi.

Nilikwenda chumbani. Koti langu lilikuwa chini kabisa ya makoti mengine, na niliyaondoa moja moja, nikiyakunja vizuri. Ardis alinifuata mpaka mlangoni akiendelea, sasa amefika kwenye harusi ya binamu yetu mwaka 1971 na gauni lake nililoliazima nikalichana. Nikavaa. Nikaanza kufunga vifungo kutoka chini. Cha tatu nilikifunga mahali pasipo pake, nikakiona, nikavifungua vyote nikaanza upya, ili asinyamaze.