Nilichonga Sanamu Yangu Iwe Inakwenda Misibani Badala Yangu, na Yaliyonipata

Wakuu wa daftari hili, salaam kwenu nyote.

Jambo lilianza saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nina hakika na dakika kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitia saa yangu ufunguo.

Kwa mgeni anayefungua kurasa hizi mara ya kwanza: hili ni daftari la chumba cha kusomea hapa Bukoba mjini. Mtu anaandika lililompata, wengine wanachangia chini yake kwa penseli. Mimi nimesoma michango yenu miaka mingi bila kuandika. Leo naandika. Nilipopima nitataja kipimo, na nilipokisia nitasema nimekisia.

Asubuhi hiyo nilikuwa nyumbani, nyuma kidogo ya Nshamba, nafunga mizigo kwenye baiskeli. Kazi yangu ilikuwa fundi wa cherehani wa kuzunguka. Nilianzia Nshamba, nikapita Muleba, Kamachumu, Maruku, mpaka Bukoba, kisha nikarudi. Siku ishirini na mbili za kila mwezi nilikuwa njiani.

Ta Byabato (Ta kwetu ni kama Bwana), mzee anayesimamia mambo ya misiba kijijini kwetu, akaingia uani. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Zakaria," akasema, "mwaka huu tumezika watu watatu. Wewe umetuletea barua tatu."

Nikamjibu kwamba zote zilifika mapema.

"Zimefika, ndiyo. Tena mwandiko mzuri. Lakini barua haibebi ndizi, haichimbi, hailali msibani. Ukikosa tena, siku ya mama yako hatutakuja. Utamzika na barua zako."

Akaenda zake.

Kwa wasio wa kwetu: asiyefika kwenye misiba ya wenzake, kwake hafiki mtu. Hatukanwi wala hapigwi. Watu wanakaa tu makwao.

Mama yangu alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Dada yangu Ereni ana nyonga mbovu. Nilipiga hesabu: kaburi la futi sita, udongo wetu wenye mawe, mtu mmoja. Siku mbili, mvua isiponyesha.

Na kuacha kuzunguka sikuweza. Dawa ya mama ilitoka kwenye cherehani za watu.

Siku tisa baadaye nilikuwa Bukoba, kwenye duka la nguo la Mhindi mmoja niliyemtengenezea mashine. Mlangoni alisimama bwana mmoja mwenye suti. Nikamwamkia. Hakujibu. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani ana shida ya masikio.

Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa sanamu ya mbao ya kuvalisha nguo.

Mimi sikucheka. Nilikaa nikahesabu wateja saba walioingia. Watano waliipisha sanamu ile njia, na mmoja akaiomba radhi kwa kuigusa bega.

Nikaomba ruhusa, nikatoa futi ya ushonaji, nikaipima yote: kichwa, shingo, bega mpaka kiwiko, goti mpaka kisigino. Vipimo thelathini na moja. Ninavyo mpaka leo.

Kuchonga sikufundishwa na mtu. Nilikuwa na tezo, patasi mbili, na kitabu cha Kiingereza cha chumba hiki kuhusu mifupa ya mwili, ambacho nilikisoma kwa kamusi. Kwa mti nilitumia mtoma, ule ambao wazee wetu walikuwa wakiutoa gome la kutengenezea nguo. Ulikuwepo kibanjani, yaani kwenye shamba letu la migomba, na haukuwa na bei.

Makosa yangu yalikuwa mawili, na niyaseme mapema. Sikujua kwamba mti hukaushwa kwanza. Wala sikujua kwamba wachongaji huifukua sanamu kwa nyuma ili iwe nyepesi. Mimi nilichonga mti mbichi, mzimamzima.

Kichwa cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilitoka cha mwanamke. Cha tatu kilikuwa mimi, isipokuwa masikio.

Nilijichonga nimekaa, mikono magotini, kama mtu aliye msibani. Nikaivalisha kanzu yangu ya zamani na koti. Mama akatolewa nje kuiona. Akaitazama muda mrefu.

"Huyu ametulia kuliko wewe," akasema. "Huyu abaki, wewe nenda."

Msiba uliofuata ulitokea nikiwa Maruku. Haya ninayoandika sasa nimeyapata kwa Ereni, kwa kuwa mimi sikuwepo.

Sanamu ilibebwa na shemeji yangu pamoja na jirani yetu Ta Laurenti, mtu wa masihara kupita kiasi. Waliiweka kwenye majani ya migomba kati ya wanaume, na mkungu wa ndizi miguuni pake.

Ta Byabato akauliza, "Hiki ni nini?"

"Ni Ta Zakaria," akajibu Laurenti. "Amepungua maneno kidogo."

Wazee wakatoka nje kujadili. Mmoja akasema kitu kisichokula hakiwezi kuhesabiwa mwombolezaji. Mwenye msiba, aliyekuwa amekwisha kulisha watu siku mbili, akasema kwa upande wake hilo halikuwa kosa.

Mwingine akasema mtu lazima afike mwenyewe. Hapo Laurenti akauliza, "Mfalme wa Uingereza amewahi kufika Bukoba?"

Wakasema hapana.

"Na pale bomani, ile picha yake ukutani, ukiingia unavua kofia au huvui?"

Ereni anasema mmoja wao alijishika kichwa kuona kama kofia ipo.

Kilichomaliza mjadala ni mti wenyewe. Mtoma mbichi hutoa utomvu mweupe. Kule ndani, kwa joto la watu na moto, utomvu ukaanza kutoka pale nilipochimba macho, ukashuka mashavuni taratibu.

Bibi mmoja akapiga ukelele: "Analia! Zakaria analia!"

Basi wote wakalia upya.

Ta Byabato akatoa uamuzi: sanamu ihesabiwe sawa na mzee asiyechimba, mradi ije na ndizi na ilale siku zote nne. Tatizo dogo likabaki la maamkizi. Wanawake walikuwa wanapiga magoti kuiamkia, na bila jibu walishindwa kuinuka. Ereni akawekwa pembeni, awe anaitikia kwa niaba yake.

Niliporudi nilikuta jina langu limesafishwa. Nikashukuru, nikadhani yamekwisha.

Wakuu, hayakuisha. Kijiji chetu kina watu wengi walio mbali. Yupo baharia wa meli ya ziwani, yupo karani wa hapa Bukoba, wapo madereva, wapo walioko Kampala. Wote walikuwa wamepewa onyo kama langu. Baharia ndiye aliyekuja kwanza. Alisimama mbele yangu saa nzima nikimpima, akaniomba nisisahau kovu la kidevu, watu wasije wakadai ametuma mtu mwingine.

Karani alitaka awe ameshika kalamu. Nikamwambia msibani hakuna kalamu. Akasema bila kalamu mkewe hatamtambua.

Mteja wa nne aliniomba nimpunguzie tumbo. Nilikataa. Sanamu inakwenda kutoa heshima za mwisho, nayo isianze kwa uongo.

Kufikia sanamu ya sita, oda zilikuwa zimenizidi. Nikaliuza sanduku la spea kwa fundi wa Kamachumu, nikaiegesha baiskeli. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mchongaji wa kudumu, kazi moja tu, asubuhi mpaka jioni. Sikuwahi kupanga hivyo.

Wateja wote walikuwa na lalamiko moja: uzito. Kila sanamu ilibebwa na watu wawili wenye nguvu, ndugu wa mwenye sanamu, tena kwa kupumzika njiani. Mtu mmoja wa Maruku, anayefanya kazi kwenye shamba la utafiti wa kahawa, ndiye aliyenieleza habari za kukausha na kufukua mgongo. Nikaahidi kwamba kuanzia ya kumi na tano zitakuwa nyepesi, mtu atabeba ndugu yake kwapani.

Sasa naandika sehemu ambayo sijamwambia mtu.

Nilipoacha kuzunguka, nilikuwa nyumbani kila siku. Misiba ilipotokea ningeweza kwenda kwa miguu. Sikwenda. Nilikuwa na oda, na sanamu ilikuwepo, na ilikuwa imezoeleka. Msiba mmoja ulikuwa hatua mia nne kutoka karakana yangu. Nilisikia vilio huku nachonga. Shemeji na Laurenti wakaja, wakaniamkia, wakainua sanamu, wakaenda nayo.

Laurenti akaniuliza mlangoni, "Ta Zakaria, tumbebe na huyu mwingine?"

Nikacheka kama vile ni masihara.

Mama alifariki Alhamisi alfajiri, usingizini. Ereni ndiye aliyenigongea.

Tulituma habari, tukatandika majani, nikakaa mlangoni. Nilijua ninachostahili. Saa tatu na robo nikaanza kuona kwenye njia ya migombani kofia ya baharia, kisha kovu la kidevu. Ilikuwa sanamu. Nyuma yake kalamu ya karani. Nyuma yake tumbo.

Nilizihesabu: kumi na tatu. Zote kazi ya mikono yangu. Waliozibeba sikuwahesabu, nilidhani watazitua na kurudi makwao. Nilisema moyoni, ndiyo haya sasa, mama yangu anazikwa na magogo.

Nikachukua jembe, nikaenda nyuma ya nyumba pale tulipopachagua, nikaanza kuchimba peke yangu. Machozi yalinifanya nipige jiwe lilelile mara tatu.

Shimo lilikuwa limenifika magotini niliposikia sauti juu yangu.

"Toka humo, Ta Zakaria. Unachimba kama mtu anayechonga. Huyo mama ataingia lini?"

Alikuwa Laurenti. Nyuma yake walisimama wanaume waliovua mashati. Nikawahesabu nao, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Pamoja naye, ishirini na wanane.

Sikuelewa. Ilibidi anieleze kama mtoto.

Kila sanamu imebebwa na wawili. Ukishaubeba mzigo ule kupanda kilima, huwezi kurudi nyumbani na kuja tena siku ya nne kuuchukua. Unakaa. Ukikaa, unapewa jembe. Baharia alipokuwa akikosa misiba, alikosekana mtu mmoja. Tangu achongwe, wanakuja kaka zake wawili ambao zamani walikuwa hawaji kabisa. Imekuwa hivyo kwenye kila msiba. Kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi, maana mimi nilikuwa nawakilishwa.

Mkaguzi makini anaweza kusema kumi na tatu mara mbili ni ishirini na sita. Wawili waliozidi ni Laurenti na shemeji. Walikuwa wameingia stoo bila kuniuliza na kunitoa mimi wa mtoma, wakanikalisha kati ya wanaume.

Nilipotoka shimoni na kuingia ndani, nilikuta watu wamejipanga mstari kuipa mkono sanamu yangu. "Pole, Ta Zakaria. Pole sana kwa mama." Ereni akiitikia badala yake. Nilisimama kando na udongo magotini, hakuna aliyenitazama. Wala siwalaumu. Yule ndiye waliyelala naye misibani.

Sikujua la kufanya, nikaingia kwenye mstari. Nilipofika mbele, Ta Byabato akaniona. Alitazama sanamu, akanitazama mimi, akasogea kidogo kwenye majani.

"Leo mmekuja wawili," akasema. "Kaa hapa."

Nikakaa. Tukamzika mama saa nane mchana, kaburi futi sita kamili, kingo zimenyooka.

Wakuu, niliyojifunza ni machache.

Ya kumi na tano nimeichonga mzimamzima kama zilizotangulia, na wanaotaka nyepesi nawaambia waende kwa fundi mwingine. Siku hizi naukausha mti, lakini mgongo siufukui. Na mimi mwenyewe naenda msibani kwa miguu, hata kukiwa na oda. Ya kwangu imebaki stoo, uso umepasuka kutoka jicho mpaka taya, na Ereni bado anaiamkia akipita.

Kuna wanaosema nimeharibu mila, na wapo wanaosema nimeiongezea watu. Mimi sina hakika. Chini ya mstari huu nimeacha nafasi ya kurasa mbili, kila mwenye maoni aandike, ila asifute ya mwenzake.

Limebaki moja la hesabu. Kwa hofu niliyokuwa nayo, nilikuwa nimetenga fedha za kuleta vibarua wanne kutoka Muleba waje kuchimba. Nilimpa Laurenti awagawie wenzake, akazirudisha mezani bila kuzihesabu. Nimezihesabu mimi. Hazikupungua hata senti: shilingi kumi na nane.