Baga ya Shangazi

Bango lilitundikwa ng'ambo ya barabara, juu ya mlango wa kioo wa mkahawa mpya: picha ya baga nene kama mto wa kulalia, jibini likichuruzika pembeni, na maneno mekundu. BAGA YA SHANGAZI. MWEZI HUU TU.

Barke alikuwa akiwasha jiko lake la makaa, mahali pale pale Mishomoroni alipokaanga kuku tangu afiwe na mumewe. Aliyasoma maneno yale, akayarudia. Mwenye mkahawa alikuwa Rashad, mtoto wa kaka yake. Shangazi mwingine hakuwa naye.

Hakuombwa ruhusa, na hilo angelimeza. Asiloweza kulimeza lililetwa jioni na Odhiambo, mwendesha bodaboda aliyekuwa mteja wake wa kila siku na ambaye hakuonekana wiki nzima.

"Kumbe bado uko, mathe? Yule msee wa pale mkahawani aliniambia umestaafu. Ati umemwachia kazi."

"Nimestaafu?"

"Anaambia watu wote. Mimi huu moshi nikidhani ni wa mahindi."

Mwanarehema, muuza viazi karai wa meza ya jirani, alicheka mpaka akashika kiuno. "Umezikwa mzima, shoga yangu! Imebaki hitima tu."

Barke hakucheka. Beseni la kuku lilikuwa halijapungua hata nusu, na njia ilikuwa imejaa watu wanaovuka kwenda upande wa pili. Chuki ilimkaa kimya kama mafuta kabla hayajatiwa kitu: yametulia, yanang'aa, na asiyejua anaweza kuchovya kidole.

Ramadhani iliyopita Rashad alikuja kumsaidia, bila kuitwa. Alikata kuku, akamenya vitunguu thomu, akachekecha unga wa dengu, macho hayabanduki mikononi mwa shangazi yake. Barke, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuwa akilala na furaha. Alidhani amepata wa kumrithi. Sasa alijua kwamba mtu anaweza kukurithi bila kukungojea ufe.

"Huendi kuionja?" Mwanarehema alimchokoza siku ya pili. "Mimi ningekwenda nikaitema."

"Nitakwenda. Lakini sitatema."

Alivaa buibui lake la harusini, akajitia udi, akavuka barabara. Rashad alimwona kupitia kioo, akatoka mbio.

"Shikamoo, shangazi! Karibu, karibu! Leo kaingia mwenyewe!"

"Marahaba. Niletee huyo shangazi yenu nimwonje. Nasikia ni mtamu kuliko mimi."

Watu wa meza za karibu walicheka. Rashad naye alicheka, kidogo.

Baga ililetwa juu ya ubao, imechomwa kijiti katikati ili isianguke. Mkate laini uliopakwa siagi, mapande mawili ya kuku wa kukaanga, yai, jibini lililoyeyuka, mayonesi iliyofurika mpaka kwenye chipsi. Barke alichomoa kijiti, akapiga bismillahi, akaing'ata kwa mikono miwili.

Ganda lilivunjika kwa mlio anaoujua. Dengu yake. Binzari yake. Thomu yake, na pilipili yake ya kukausha juani. Mchuzi ulimtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Mate yalimjaa, akayachukia mate yake. Kisha ulimi ukangojea kitu, ukangojea tena, na kitu hicho hakikuja.

Alielewa hapo hapo, na moyo ukamruka.

Miezi mingine Barke huonja rojo kabla ya kulaza kuku ndani yake, akasawazisha chumvi na ukwaju. Mwezi wa kufunga haonji. Wengine hugusa kwa ncha ya ulimi wakatema. Yeye hajajipa ruhusa hiyo. Kwa hiyo Ramadhani hulaza kuku bila ukwaju. Magharibi ikiingia, akisha kufungua kwa tende, ndipo huonja, akachemsha ukwaju na chumvi na kuwamwagia kuku wangali wanachirizika mafuta. Na magharibi ikiingia, Rashad alikuwa tayari yuko msikitini, anafuturu, na haondoki mpaka tarawehe iishe. Alirudi kukuta sufuria zimeshaoshwa na fungu lake limefunikwa. Aliujua ule ukali alipoula. Hakuuona ukitiwa.

Rashad alivuta kiti, akainama karibu.

"Shangazi, nikwambie kweli. Kuna kitu sikipati. Ule ukali. Nimezidisha maziwa lala, wapi! Nimetia siki, wateja wamekunja uso. Watu wanakuja mara moja hawarudi. Nakitia nini?"

Neno lilikuwa limemfika ulimini, dogo, la silabi tatu. Alimtazama mtoto wa kaka yake, pua ya marehemu baba yake, jasho juu ya mdomo. Angeweza kumpa. Aliwaza beseni lake la kuku waliobaki.

"Ulisimama nami mwezi mzima," alisema. "Pika ulivyoona."

"Basi nisiongeze kitu?"

"Pika ulivyoona, baba."

Aliimaliza baga yote. Alilamba na vidole.

Jioni ile alisogeza jiko mpaka ukingoni mwa barabara, upande upepo unakotoka. Alikaanga, kisha akamwaga ukwaju juu ya kuku wa moto. Mvuke ulipaa mkali na mtamu, ukavuka njia, ukaingia kwa mlango wa kioo bila kubisha. Odhiambo alikuwa wa kwanza kurudi. Nyuma yake wakaja wengine, wawili wakiwa bado wameshika bilauri za soda za mkahawani.

Ndipo Rashad naye akavuka. Alisimama pembeni ya foleni, pua juu, macho yakitafuta.

Barke alifunika bakuli la ukwaju kwa kifuniko, akakunja mikono.

"Mathe, mbona umesimama?" Odhiambo aliuliza.

"Nangoja mgeni aondoke."

Foleni nzima iligeuka.

"Ndugu, si uende tule!" mmoja alipaza sauti.

"Bosi, baga zako zinapoa kule!" akasema mwingine, na Mwanarehema akapiga kigelegele.

"Shangazi," Rashad alisema kwa sauti ya chini, "niwie radhi."

"Nitakuwia Idi ijayo. Leo nina wateja. Nimestaafu, lakini nina wateja."

Alisimama vivyo hivyo, mkono juu ya kifuniko, akimhesabia hatua kwa macho mpaka mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake. Kisha akafunua.