Gorogoro ya Elektroni

Nakumbuka Jumamosi moja katika soko la Jericho, miaka ya tisini, mwanangu, siku ambayo mama yangu alinifunga mdomo mbele ya wateja. Na mimi sikuwa mtu wa kufungwa mdomo hivi hivi. Shule niliiachia darasa la saba, lakini televisheni ikifa mtaa wa Makongeni au Kayole, ililetwa kwangu na ikarudi kwao ikiongea. Hilo nalisema bila haya. Nyumba ninazopangisha leo hazikuanguka kutoka mbinguni.

Kibanda changu cha ufundi kilipakana na cha mama. Yeye aliuza mahindi na maharagwe, akipima kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia ambao ukijaa unabeba kama kilo mbili. Anaujaza mpaka unafanya kilima, mteja anaridhika, mambo yanaendelea.

Dada yangu Mueni alikuwa kidato cha nne. Alitaka kuja kufanya kazi ya kupiga watu picha za eksirei hospitalini, na kazi hiyo bila fizikia haingiliki. Sasa Jumatatu alitakiwa amwambie mwalimu kama fizikia ataifanyia mtihani au ataiacha, na alikuwa karibu kuiacha. Alikaa kwenye gunia la mama na kitabu magotini, anauma kalamu.

“Shida nini?” nikamuuliza.

“Elektroni,” akasema. “Imesukumwa na volti elfu ishirini na tano. Wanataka nishati yake kwa jouli.”

Nikacheka. Volti elfu ishirini na tano! Hiyo ndiyo nguvu iliyokuwa nyuma ya kioo cha televisheni kubwa ya rangi, na mimi nilishinda nayo mezani kila siku. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaisogeza karibu na televisheni kuukuu iliyokuwa inawaka. Picha ikapinda, rangi zikakimbia upande.

“Elektroni zako hizo hapo,” nikamwambia. “Naziswaga kama mbuzi.”

“Zinapinda kwa sababu zina chaji, na kwa sababu ni nyepesi mno,” akasema Mueni, bila kushangaa sana. “Protoni ina chaji ya kiasi hicho hicho, ila yake ni chanya, na ni nzito kuliko elektroni mara elfu moja mia nane na zaidi. Hiyo usingeiswaga na kasumaku kako.”

Nikajifanya sijasikia. Yeye akarudi kwenye hesabu, na baada ya muda akanionyesha jibu. Lilikuwa nne, gawanya kwa moja yenye sifuri kumi na tano nyuma yake. Hiyo ndiyo sehemu ya jouli moja aliyoipata.

Mwanangu, nilicheka mpaka muuza nyanya akageuka kutazama.

“Hiyo si hata pumzi ya mbu,” nikasema. “Mashine yangu ikikugusa inakutupa ng’ambo ya barabara, halafu wewe unaniletea kitu kisichoonekana? Futa. Andika elfu ishirini na tano, iko pale pale kwenye swali. Na kama huwezi, chukua somo la biashara, usisumbue watu.”

Mueni alitoa kifutio. Baada ya kufuta jibu angefunga kitabu, na Jumatatu habari ya eksirei ingekuwa imekwisha. Nilijua hivyo, na bado nilikuwa nacheka.

Mama alikuwa anapimia mteja. Akauweka mkebe chini.

“Mutua.”

“Naam, Mama.”

“Mahindi haya nikiyapima kwa gorogoro, utahesabu arobaini na kitu. Nikiyapima kwa gunia, utahesabu moja. Yamepungua?”

“Hayajapungua.”

“Basi mbona unamcheka mtoto kabla hujauliza amepima kwa mkebe gani?”

Mteja akacheka. Mimi nikashika bisibisi ambayo sikuwa na kazi nayo.

Mueni alikuwa amesimamisha kifutio. “Kumbe elfu ishirini na tano nayo ni sawa,” akasema polepole, “ila hiyo ni kwa elektronivolti, nishati ya elektroni moja iliyosukumwa na volti moja. Hiyo ndiyo gorogoro. Jouli ni gunia, tena gunia kubwa mno kwa kitu kidogo hivi. Kutoka gorogoro kwenda gunia nazidisha kwa ile chaji ya elektroni, na nimeshazidisha.”

“Na kutupwa ng’ambo ya barabara je?” nikauliza, maana sikupenda kushindwa kabisa.

“Punje moja ya mahindi ikikuangukia mguuni utalia?” akauliza mama. “Haya, gunia zima likikuangukia?”

Mueni akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Elektroni moja ni punje. Kinachomtupa mtu ni punje zisizohesabika kumjia kwa pamoja. Kifutio akakirudisha mfukoni, na Jumatatu akamwambia mwalimu kwamba anaendelea na fizikia.

Mwaka uliopita kifua kilinisumbua, nikapigwa eksirei. Aliyenisimamisha mbele ya mashine alikuwa Mueni, siku hizi ana miwani na sauti ya kuamrisha. Akaniambia miale ile inatokana na elektroni zinazopewa makumi ya maelfu ya elektronivolti. Mimi, mwenye nyumba za kupangisha, nikashika ukingo wa mashine.

“Kwa gunia ni ngapi?” nikamuuliza.

“Vuta pumzi, usiongee,” akasema.

Kwa hiyo nakuachia hili, mwanangu. Mtu akikutajia namba, iwe ya kukutisha au ya kukuchekesha, muulize kwanza ameipima kwa kipimo gani. Ukijua kipimo, uliza ni punje moja au ni gunia. Na ukimwona mwenzako ameshika kifutio, nyamaza kidogo, huenda jibu lake ni sahihi na wewe ndiye hujui mkebe wake. Mimi nimejenga maisha kwa mdomo na mikono, lakini siku hiyo mdomo wangu ulikaribia kubomoa maisha ya mwingine.

Mungu akupe macho ya kuona vilivyo vidogo, na akuwekee karibu mtu wa kukuita jina lako mara moja tu, ukanyamaza.