Maji ya Chumvi Uani kwa Mama

Harufu ya samaki wa chumvi hunipandisha hasira mpaka leo. Nikiinusa sokoni, nageuza njia. Enzi za Mwingereza, nilipokuwa binti mdogo mjini Bukoba, tuliamka nayo na tukalala nayo, na hata mvua haikuiondoa. Ilitoka kwa jirani yetu, Bwana Faraji, mtu wa Tanga kama baba yangu, aliyekuwa akilowesha samaki katika mapipa ya maji ya chumvi upande wa pili wa ua wetu. Kanzu safi, tabasamu tele, na roho mbaya kupindukia.

Mama alikuwa Mhaya wa Ijumbi. Kwake nyumba isiyo na migomba haikuwa nyumba, ilikuwa banda la kulala. Ua wetu ulikuwa karibu mno na ziwa, na kila masika maji yalipanda mpaka kizingitini, lakini hakujali. Alileta machipukizi kutoka kwa mama yake mzazi, akachimba mashimo, akatia samadi na nyasi kavu, akapanda na maharage katikati. Maji yalikuja, yakaondoka, na migomba ikabaki imesimama. Ndizi zake nimezila mimi mwenyewe, tamu kweli kweli.

Masika moja Bwana Faraji akachimba mfereji ili maji yasituame uani kwake, akauelekeza kwetu, na mapipa yake akawa anayamwaga humo humo. Maharage yakaungua majani, na migomba ikafuata, mmoja baada ya mwingine. Mama alipokwenda kulalamika, yule bwana alimjibu kwa upole wa kukera, "Mama Zuhura, ziwa limepanda. Tumlaumu nani?" Na baba, niliyedhani angewaka, akaafiki! Eti kwao Tanga maji yakipanda bustani hufa, ndivyo mafuriko yalivyo.

Mama hakubishana. Baba alipotoka kwenye cherehani yake kuja kula mchana, alikuta vikombe viwili mbele ya sahani, kimoja cha maji ya ziwa, kingine cha maji ya uani.

"Onja, Baba Zuhura. Uniambie ziwa letu limeanza lini kuwa na chumvi."

Baba akanywa cha kwanza. Cha pili alikigusisha mdomoni tu, akakunja uso, akakiweka chini. Alikuwa akijua tangu mwanzo, nilimwona. Akasema kwa sauti ndogo, "Faraji ni mtu wa kwetu. Siwezi kumuumbua."

"Na mimi ni mtu wa nani?"

Chakula kikapoa mbele yake.

Kesho yake mama aling'oa chipukizi moja lililobaki hai, akanishika mkono, tukarudi kwao Ijumbi, akalipanda huko likazaa. Baba alikuwa akija kutubembeleza, na mama alimpikia kila mara ndizi za shina lile, bila chumvi. Akiiomba, aliambiwa, "Kwani ya Faraji haijakutosha?" Mjini hakurudi naye kamwe.

Leo shina lile limezaa shamba zima, na wajukuu zangu wanacheza ndani yake wasijue lilikotoka. Watu huniambia nimsamehe Faraji, marehemu yule. Jamani, Faraji nilikwisha kumsamehe. Alikuwa jirani tu. Aliyenikaa rohoni ni baba, aliyeonja maji yale, akayajua, akanyamaza.