Glavu za Mtetemo na Chuma Changu cha Vitumbua

Watu wakikuona unatetemeka mikono wanadhani na akili nayo inatetemeka. Mwanangu wa kwanza, anayekaa Kinondoni na mkewe, alipokuja siku ile alinisalimu vizuri, shikamoo mama, kisha akamgeukia mdogo wake wa mwisho, binti yangu ninayeishi naye hapa Mtoni, akamwuliza, "Mama anakula? Analala vizuri?" Na mie nimekaa pale pale mkekani, magoti yetu yanakaribia kugusana.

"Niulize mie," nikamwambia. "Anayekula ni mie."

Hakucheka. Alikuwa ameshaliona lengelenge kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia. Asubuhi ile upawa ulinicheza, unga ukaangukia ukingoni mwa chuma badala ya kuingia shimoni, mafuta yakaruka. Kazi yangu mie ni vitumbua. Nimekaanga hapa mlangoni tangu huyo anayeulizia kula kwangu hajaota meno, na wanaonunua nawajua wote kwa majina, wao na mama zao na waliowaoa. Humu siyaandiki, wenyewe wapo na wanapita kila siku, lakini yote ninayo kichwani, hata ya wale waliohamia Mbagala zamani.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake la kizungu, Parkinson. Akanipa vidonge, navimeza kwa saa yake, na vinanisaidia mpaka vinapochoka.

"Mama, umeshafanya kazi ya kutosha," mwanangu akasema. "Mwezi mtukufu ukiingia sitaki kukukuta jikoni. Nitakuja na gari, hicho chuma nikakiweke kwangu. Wewe pumzika."

Hilo neno pumzika lilinichoma kuliko yale mafuta. Huu ugonjwa una tabia ambayo asiye nao haijui: mkono ukiuweka bure mapajani ndipo unapotetemeka zaidi. Ukiupa kazi unatulia kidogo, ila unakuwa mzito, mgumu, kama umeazima wa mtu. Sasa mtu ananiandikia dawa ya kukaa bure, na kukaa bure ndiko kunakonitikisa. Halafu Ramadhani. Siku hizi sifungi, vidonge haviniruhusu. Fungu langu katika mwezi ule ni kuwakaangia wanaofunga. Chuma kikiondoka nami nimeondoka humo.

Nikamwambia, "Njoo na gari lako. Tutaonana."

Binti yangu ni fundi simu, ana kibanda Chang'ombe. Hajazoea kubishana na kaka yake. Kesho yake akarudi na mfuko wa simu mbovu, akazipasua mezani, akatoa vile vidude vidogo vinavyofanya simu itetemeke mfukoni. Alikuwa ameona mtandaoni kwamba nchi za nje kuna wagonjwa wanavalishwa glavu zinazotekenya ncha za vidole, na wengine mikono inatulia.

"Si dawa ya kuponya, mama, na vidonge huachi," akaniambia. "Wenyewe bado wanazipima. Ila tukijaribu, tunapoteza nini?"

Glavu za kwanza zilikuwa za wajenzi, ngumu, nikafanana na mtu anayesubiri kupakia matofali. Akazitupa, akashona nyingine kwa kitambaa cha taiti, zikakaa mkononi kama soksi. Kila kidole na kidude chake, kasoro gumba. Nyaya zikaelekea kwenye bodi ndogo yenye betri ya simu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba chombo hicho hakijui lolote mpaka kiandikiwe: kiguse kidole gani, kwa muda gani, kinyamaze lini. Yeye akawa anaandika kwenye kompyuta, mie nimekaa pembeni kama mteja kwa fundi cherehani.

"Unaandika lugha gani?"

"Kama Kiingereza hivi, mama."

"Vidole vyenyewe vya Kizaramo. Vitaelewa?"

"Vitazoea."

Kosa lilikuwa langu. Vidude vilikuwa vinapiga tu, havina utamu, nikamwambia aviandikie ngoma ya kumtoa mwali, ile niliyochezewa mie na niliyowachezea wengi hapa Temeke. Nikampigia mezani kwa viganja, akaifuatisha, akaiandika. Nikavaa. Ilikuwa tamu. Mabega yakaanza yenyewe. Nilikaa nayo jioni kadhaa, nikawakumbuka mabinti wote niliowatoa, mmoja mmoja kwa jina lake. Na mkono ukazidi kutetemeka kuliko mwanzo. Hata nikizivua, bado unaufuata mdundo. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akanitazama, akamwuliza binti yangu kwa sauti ya chini kama mama amepandisha mashetani.

"Niulize mie," nikasema. "Sijapandisha, nimewashwa."

Binti yangu akarudi kusoma kwenye simu yake. Akaja amekunja uso. "Tumekosea, mama. Kumbe ugonjwa wenyewe ndio mdundo. Huko kichwani vichembe vya ubongo vimejipanga vinapiga kwa pamoja, na sie tunaviongezea ngoma. Inatakiwa tuvivuruge."

Basi akamfuta mwali wote, akaandika fujo. Lakini fujo yenyewe ina adabu: kila mzunguko kila kidole kiguswe mara moja, kwa mpangilio ambao huwezi kuukisia, na mizunguko mingine ipite kimya.

"Kama kuwagawia watoto vitumbua," nikamwambia. "Hakuna wa kupata cha pili kabla wote hawajapata, ila usiwaambie nani anaanza."

"Ndivyo hivyo hivyo."

Safari hii haikuwa tamu. Ilikuwa kama manyunyu kwenye ncha za vidole, huku, kule, kimya, tena huku. Nilivaa asubuhi na jioni, mikono nimeilaza juu ya mto. Wiki za mwanzo hamna kitu. Binti yangu akaanza kunitazama kwa huruma, nikamwambia huruma hiyo ampelekee kaka yake. Halafu siku moja nikajikuta nimefunga vishikizo vya gauni mpaka juu, na mawazo yangu yalikuwa kwenye nazi. Sijui kama ni glavu, ama vidonge, ama hasira. Nasema nilichokiona.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri, gari likasimama mlangoni. Jiko nilishaliwasha. Jambo moja tu nilikuwa nimelikubali: binti yangu aliliinua jiko juu ya matofali na kuniwekea kiti cha mbao kutoka Keko, ili mafuta yasinirukie mapajani. Mwanangu akaja kunisimamia kichwani. Nikatia unga shimo la kwanza, la pili. La tatu ukamwagika ukingoni.

"Umemwaga, mama."

"Nimemwaga. Nilikuwa namwaga na wewe uko mgongoni, hukusema."

Akakuna shingo. "Nimekuja kuchukua chuma."

"Chukua. Ila kina moto, ngoja kipoe."

Akageuza ndoo, akaikalia. Nikageuza vitumbua, nikavitoa, nikatia vingine. Watu wakaanza kuja na mabakuli, nikawa nawaita majina kabla hawajafika. Mashimo yakabaki matupu kwa muda mfupi, nikaona anakikodolea macho chuma changu. Nikatia mafuta.

"Mama, hiki hakipoi."

"Kitapoaje na watu wapo?"

Mama mmoja akamnyooshea bakuli, "Kaka, nisogezee." Akasogeza. Akaja mwingine, akasogeza. Ilipoadhiniwa magharibi alikuwa bado yupo kwenye ndoo, nikampa tende na kitumbua, akafuturu pale pale.

"Kimeiva?"

"Kimeiva," akasema, akachukua kingine.

Gari likaondoka bila chuma. Hakusema amekubali, alisema atarudi baada ya Idi tuzungumze. Arudi. Mwezi ule niliukaanga wote, isipokuwa siku chache ambazo mikono ilikataa katakata. Siku hizo alikaanga binti yangu, vikatoka vimekaza kama mpira, nikamwambia hivyo hivyo mbele ya wateja, na kesho yake nikarudi kwenye kiti changu.